Divai ya Dodoma, Mbuzi wa Mgeta

Dodoma,
6 Mei 2024

Dada yangu Modesta,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo. Wifi yako Rahel anakusalimu, na watoto pia. Yule mkubwa amefaulu hesabu, jambo lililotufanya tuangalie jina juu ya karatasi kwanza ndipo tushangilie. Mimi mwezi uliopita nilishikwa na mafua mabaya, nikalala kama gunia, lakini sasa natembea. Mguu wako je? Na Joyce, bado anapanda kutoka Kilakala kila Jumapili kuja kukukagua? Mwambie mjomba wake anasema akuache upumue.

Ningekupigia simu, ila huko kwako mtandao unapatikana pale uwanja wa kanisa peke yake, na sitaki parokia nzima isikie ninachokuomba. Ndiyo maana nimempa barua Severin, dereva wa lori la kabichi, pamoja na boksi lenye chupa mbili. Usishtuke. Ni mvinyo mwekundu wa hapa kiwandani kwetu, mavuno ya mwaka jana, ule mkavu usio na sukari. Naomba uuonje na vyakula vya huko, kisha uniandikie kila unachokisikia puani na mdomoni. Kiwanda kinatafuta maoni ya watu wa milimani.

Nikueleze kidogo asili yake. Wanasema mizabibu ya Dodoma ililetwa na mapadre kwa ajili ya misa, halafu waumini wakagundua kwamba zabibu hazijui ipi ni Jumapili. Ardhi ya huku ni mchanga, jua ni kali na mvua ni ya kubahatisha. Sasa mzabibu una tabia mbaya kama ya binadamu: ukishiba maji unajaa majani na majivuno. Ukiteseka, unatoa zabibu ndogo zenye ganda nene, na rangi yote pamoja na ule ukakasi vimo kwenye ganda. Haya ndiyo ninayowaambia wageni wanaokuja kuonja, nikiwa nimevaa shati jeupe lenye nembo mfukoni, nazungusha bilauri kama mtu anayemtafuta inzi aliyezama.

Usitie sukari. Nakujua.

Mdogo wako,
Abel


Mgeta,
2 Juni 2024

Mdogo wangu Abel,

Marahaba. Chupa zimefika salama, Severin alizifunga kwenye koti lake mwenyewe, na yeye akasafiri na baridi. Mguu unauma kukiwa na baridi, na huku baridi ni ya kila siku, basi hesabu mwenyewe. Njegere zimekubali mwaka huu. Joyce hajambo. Jumapili iliyopita alihesabu vikombe vyangu kabatini, akauliza kwa nini viwili vimeachwa nje. Walimu wana shida.

Sasa hiyo divai yako. Hukuniletea cha kuzibulia, mtu uliyesomea mambo haya. Nikasukuma kizibo ndani kwa mpini wa mwiko, ikaruka mpaka kwenye kalenda ya parokia. Mwezi mzima wa Juni sasa ni mwekundu, kila siku sikukuu ya mashahidi.

Mimi divai nimeiona kwa mbali, mkononi mwa padre, miaka hamsini na tisa. Kwa hiyo niliionja nikiwa nimekaa wima kama niko kanisani. Harufu yake ni ya plamsi zilizoiva mpaka zikapasuka chini ya mti, zile ambazo nyigu wanafika kabla yako. Nyuma ya hapo kuna moshi kidogo, kama kanga ya mtu aliyetoka jikoni. Mdomoni inakausha ulimi kama ndizi mbichi. Nikasema, hii si kitu cha kunywa. Nikameza. Baada ya kumeza nikaitaka tena, nikajiona mlevi.

Tulianza na viazi vitamu. Ikawa chungu na kali, kama mtu aliyetukanwa. Dagaa ndiyo usijaribu kabisa, nilihisi nimelamba jembe. Na maharage yaliyoiva vizuri na kitunguu, wakapatana kama watu wa kijiji kimoja. Tuliipenda hapo.

Ninakutumia kabichi, na mguu wa nguruwe niliokausha moshini. Ule mapema, haukukauka sawasawa, kuni zilikuwa mbichi na mimi nilikuwa na haraka.

Dada yako,
Modesta


Dodoma,
1 Julai 2024

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Watoto wako salama, Rahel ameanza kufuga kuku na kuku wameanza kumfuga yeye. Huku upepo umeanza, tunakula vumbi kifungua kinywa.

Barua yako nimeisoma mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Nitakuambia jambo. Bosi wangu, Bi. Catherine, alinitaka niandike maneno ya kubandika nyuma ya chupa. Nikamwandikia: “Plamsi zilizopasuka kwa kuiva, moshi wa jikoni, ukakasi wa ndizi mbichi.” Akayasoma, akanitazama, akasema, “Abel, leo umefungua pua.” Mwezi wa Septemba wanakuja wanunuzi wa mahoteli kutoka Dar na Arusha, na mimi ndiye nitakayewamiminia na kuwaeleza. Nikamshukuru kwa unyenyekevu wa mtu anayevaa suruali ya kuazima.

Mguu wa nguruwe umefika. Severin aliharibikiwa na gia pale Gairo, akakaa karibu wiki, lakini nyama imefika na harufu yake imejaa nyumba nzima, harufu tamu ya moshi wa nyumbani kwa mama. Nilikula mwenyewe, Rahel na watoto walikuwa kwao. Halafu nikashikwa na tumbo siku tatu. Bila shaka ni maji ya huku.

Nakutumia chupa tatu nyingine na kizibuo. Safari hii jaribu na mbuzi, na kitimoto, na chakula chenye pilipili. Uiache nje ipoe kidogo, wala usiifunike blanketi. Ikipata joto inanuka kilevi kitupu, hiyo ndiyo aibu tunayoipata sisi wa Dodoma kila adhuhuri. Niandikie hasa harufu, dada. Harufu usiziruke.

Jambo moja dogo. Umeandika “tulianza,” tena “tuliipenda.” Ulionja na nani? Joyce hanywi.

Mdogo wako,
Abel


Mgeta,
21 Julai 2024

Abel,

Marahaba. Sote wazima.

Severin amepita hapa. Amenieleza kwamba alipokuletea ule mguu wa nguruwe alikuwa ameendesha toka Gairo madirisha wazi, kichwa nje kama mbwa. Anasema alikuambia, “Kaka, hii itupe, imeharibika.” Wewe ukaipakata, ukaivuta puani, ukasema, “Unanukia nyumbani.” Yeye akarudi nyuma hatua kadhaa, wewe ukakata kipande mbele yake.

Mwanzoni nilicheka. Nikacheka mpaka nikaweka jembe chini. Kisha nikaitoa ile barua yako ya Mei nikaisoma upya, na ile ya Julai. Mafua mabaya. Harufu usiziruke. Nikaacha kucheka.

Wewe ndiye uliyekuwa ukituambia mvua inakuja kabla wingu halijavuka mlima, kwa pua. Mama alikuwa akikupa maziwa unuse kama yameganda.

Swali lako nimeliona. Sitalijibu mpaka ujibu langu, nawe unalijua.

Divai na mbuzi: hapo, mdogo wangu, ndipo nilipoelewa kwa nini watu wanahangaika na kitu hiki. Mafuta ya mbuzi yanaulainisha ule ukakasi, na divai inayafuta mafuta mdomoni, kila tonge ni kama la kwanza. Na kitimoto ni vizuri, ila si kama mbuzi. Pilipili inawasha moto juu ya moto. Harufu safari hii ni ya ngozi mpya, kama viatu vya Krismasi. Andika hivyo, wasikilizaji wako watafurahi.

Modesta


Dodoma,
25 Agosti 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Samahani kwa kimya. Severin amepita mara tatu, na mara zote tatu nilimwambia barua bado, nikampa maji ya kunywa, akaondoka. Mara ya tatu alisema, “Kaka, mimi nabeba kabichi, sibebi visingizio.”

Sinusi kitu, dada. Tangu yale mafua ya Aprili. Siku moja niliamka, nikanywa chai, ikawa maji ya moto. Nikamlalamikia Rahel kwamba majani ya chai ya siku hizi ni magamba ya miti. Akaniletea kitunguu kilichokatwa. Machozi yakanitoka, harufu hakuna. Nililia juu ya kitunguu nisichokisikia, nadhani hakuna kilio cha kijinga kuliko hicho.

Daktari anasema mafua yameumiza mishipa ya pua, huenda harufu ikarudi baada ya miezi, huenda isirudi. Amenipa zoezi. Kila asubuhi nakaa na karafuu, limao na kahawa, navuta kimoja kimoja huku nikijaribu kukumbuka kilivyokuwa. Watoto wanapita kwenda shule wananiona baba yao analibembeleza limao. Wiki iliyopita gesi ilivuja jikoni nami nimekaa hapohapo nasoma gazeti. Rahel alikuja mbio toka bandani kwa kuku. Sasa haniachi peke yangu na jiko, kama mtoto wa miaka miwili.

Nimeonja mvinyo miaka kumi na tisa. Mimi si mtu mwenye kipaji kingine. Siimbi, sijui kufunga hata bomba. Nilichokuwa nacho ni hii pua, ambayo mlikuwa mkinicheka nayo utotoni kwamba ilifika duniani kabla yangu. Kazini hawajui. Nazungusha bilauri, nafumba macho, natoa maneno yako. Bi. Catherine anasema nimekuwa mshairi. Mdomoni bado napata uchachu, uchungu, ukakasi. Vilivyobaki ni giza. Nilikuwa nasubiri irudi kabla hujajua, kabla yeyote hajajua, na wanunuzi wanakuja baada ya wiki tatu.

Nimejibu. Zamu yako.

Abel


Mgeta,
8 Septemba 2024

Abel, mdogo wangu,

Marahaba, na pole. Pole sana. Nilimlipia padre misa ya nia yako, na nilipoulizwa nia yenyewe nikasema “pua,” mwandishi akaandika “Paulo.” Kwa hiyo kuna Paulo mahali ameombewa vizuri, wewe subiri zamu.

Sasa yangu. Anaitwa Andrea. Ni mjane mwenzangu. Alifanya kazi ya mitambo kwenye kiwanda cha sukari kule Kilombero mpaka akastaafu, akaja kuishi Mlali, anafuga mbuzi wa maziwa. Watu wake ni wa Songea. Mwezi wa Machi alipanda huku kutafuta dume la mbegu. Alilipata, akalipeleka, akarudi wiki iliyofuata kuniambia dume hajambo. Wiki nyingine akarudi kuniambia dume bado hajambo. Dume hakuwa na habari nyingi, ila Andrea alizileta zote.

Chupa zako zilipofika alikuwa amekaa barazani. Ningefanya nini? Nilitoa vikombe viwili. Tangu hapo kila kipande cha chakula nilichokuandikia tumekila pamoja. Yule mbuzi alikuwa wake.

Siku ile ya mbuzi alishika kikombe akakitazama ndani.

“Modesta, hii divai inaisha.”

“Abel ataleta nyingine.”

“Na Abel asipoleta?”

“Utakunywa chai.”

“Kwa hiyo nije hata kwa chai?”

“Barabara ni ya serikali, nani atakuzuia?”

Akakiweka kikombe chini. Kisha akasema, “Mimi nimechoka kuja. Nataka niwe nimeshafika.”

Nikainuka haraka kwenda kuangalia chungu. Abel, jikoni hapakuwa na chungu. Nilisimama mbele ya mafiga yaliyopoa, mwanamke mwenye meno ya kuhesabu, mguu mmoja mbovu, kama msichana aliyeitwa ofisini. Nilirudi nikamwambia chakula bado. Tulikuwa tumeshakula.

Sikukuandikia kwa sababu niliogopa utacheka. Tena kuna Joyce. Anasema watu watasema mama amepata mzee wa kumtunza uzeeni, na kwamba mtu wa Songea anataka shamba. Shamba ni la lukolo, la ukoo wa mama yetu, wewe na mimi tunajua haliendi kwa mume. Lakini maneno hayangoji hati. Baba hayupo, wajomba wamekwisha. Wa kupokea posa ya dada yako ni wewe.

Kuhusu kazi yako, mwambie bosi wako ukweli kabla wanunuzi hawajafika. Mguu wa nguruwe ulikuambia, hukusikia.

Dada yako,
Modesta


Dodoma,
30 Septemba 2024

Dada Modesta, bibi harusi,

Shikamoo. Barua yako niliipata siku mbili baada ya wanunuzi kuondoka. Severin alikuwa ameipeleka kwanza Singida pamoja na vitunguu. Ushauri wako ulikuwa mzuri sana, na nakuhakikishia kwamba hata ningeupata mapema nisingeufuata.

Wanunuzi walikuja saba. Meza ndefu, kitambaa cheupe, bilauri zinameta, mimi kwenye shati langu. Nikafungua, nikamimina, nikaanza. Plamsi zilizopasuka kwa kuiva. Moshi wa jikoni. Nikafika kwenye viatu vya Krismasi, nikafumba macho ili niwaguse zaidi. Nilipofumbua, hakuna aliyekuwa ananitazama mimi. Walikuwa wanatazamana wao kwa wao. Mama mmoja wa hoteli ya Arusha akauliza kwa upole, “Samahani, umesema plamsi au siki?”

Nikacheka, nikamwambia pua hujifunza taratibu. Dada, nilimwambia hivyo. Mimi.

Bi. Catherine akaichukua bilauri yangu, akainusa, akaiweka chini. “Abel, hii ni siki.”

Kumbe nilikuwa nimebeba chupa iliyofunguliwa muda mrefu na kusahauliwa dirishani kwenye jua. Mtoto mchanga angegundua. Ningeweza kusingizia kizibo, na maneno ya kusingizia yalikuwa tayari mdomoni, lakini nilichoka ghafla, kama wewe ulivyosema ya Andrea, nilichoka kuja. Nikasema mbele ya wote, “Mama, mimi sinusi chochote tangu Aprili. Haya maneno ni ya dada yangu anayelima njegere Mgeta.”

Mzee mmoja akaangua kicheko akidhani ni sehemu ya onyesho. Akaona hakuna mwenzake, akakohoa. Bi. Catherine akafungua chupa nyingine mwenyewe, akawamiminia, na yule mama wa Arusha akanusa, akasema taratibu, “Kweli. Ni plamsi.” Wamenunua, si haba.

Wageni walipoondoka aliniita. “Ungeniambia Aprili, ningekupa likizo,” alisema. “Umeniambia Septemba, nakupa jembe.” Basi niko shambani, napogoa mizabibu na wazee wanaonizidi kasi na adabu. Shati jeupe Rahel amelifanya pazia la banda la kuku. Mikono imetoka malengelenge. Lakini nikuambie, siku ya kwanza nilikata tawi baya, mzee Jonathan, kiongozi wetu, akaniambia, “Hilo lilikuwa la zabibu za Machi,” kisha akaendelea na kazi yake. Hakunicheka. Nililala vizuri usiku ule, mara ya kwanza tangu Aprili. Sikuwa na la kuigiza.

Kuhusu Andrea: nimekubali kabla sijamwona, jambo ambalo ndugu mwenye akili halifanyi. Nilicheka, ndiyo, hasa pale pa chungu. Kisha Rahel akaniuliza kwa nini nafuta macho. Tunakuja katikati ya Oktoba. Mwambie alete mshenga anayejua kuongea, nataka kuwa mgumu kidogo.

Mdogo wako, mkulima,
Abel


Dodoma,
4 Novemba 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Tulifika salama. Rahel bado anawaonyesha majirani kabichi zako kama watoto wachanga. Ahsante kwa kutupokea.

Nakuomba msamaha kwa ugumu niliokuahidi. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima njiani, lukolo, heshima, mipaka ya shamba, nimeirudia toka Gairo. Halafu nikashuka kwenye gari, nikakanyaga ule utelezi wa mlangoni kwako, nikaenda chini na miguu juu. Aliyeniinua alikuwa mtu mrefu mwenye mvi aliyenifuta matope mgongoni, nami nikamshukuru, nikamuuliza jina. “Andrea.” Mtu ukishafutwa matope na shemeji, ugumu unautoa wapi? Na mshenga kuja kuwa Severin! Alipofungua kinywa akasema, “Nimezoea kubeba mizigo ya nyumba hizi mbili, huu ndio mzito,” nikajua nimeshindwa.

Hata hivyo nilimwona Joyce. Alipakua chakula vizuri, akatunawisha wote, lakini hakukaa. Wewe ulijifanya huoni, mimi pia. Nilipomuaga alisema tu, “Mjomba, umekubali haraka.” Jibu nimelitafuta mpaka Dodoma. Ameshasema nini tangu tuondoke?

Jambo jingine. Juzi asubuhi nimekaa na karafuu, limao na kahawa. Karafuu, hakuna. Limao, hakuna. Kahawa, dada, ikanuka mpira unaoungua. Nilikimbia nje kutazama nani anachoma tairi. Hakuna. Nikarudi nikanusa tena, mpira. Nikamkumbatia Rahel kwa furaha, naye ananuka vitunguu vilivyoungua, manukato yake mapya yote. Nimenyamaza, nataka kuendelea kuishi. Daktari anasema mishipa ikianza kuamka huamka vibaya, kama mtu mwenye usingizi, na kwamba hii inaweza kuwa dalili njema. Basi mimi ndiye mtu pekee wilaya nzima anayeomba kunusa tairi kila siku.

Mdogo wako,
Abel


Mgeta,
24 Novemba 2024

Mdogo wangu Abel,

Marahaba. Sisi huku salama, mvua imeanza vizuri, barabara imeanza vibaya, kwa hiyo sijui barua hii utaipata lini. Nimefurahi kwa tairi. Padre nimempa jina lako sawasawa safari hii, herufi kwa herufi.

Umeuliza ya Joyce. Mlipoondoka alikaa wiki nne bila kupanda huku, jambo ambalo hajawahi. Nilisema sijali, nikawa natazama njia kila Jumapili kama mbuzi anayengoja chumvi. Jumapili iliyopita akaja, bila taarifa, akamkuta Andrea barazani ananichambulia njegere kwenye ungo, mimi nimelaza mguu juu ya kigoda kwa maumivu. Hakunisalimu. Alisimama mbele yake.

“Shikamoo.”

“Marahaba, mama.”

“Naomba nikuulize. Unataka nini hapa?”

Nikataka kuingilia. Andrea akanionyesha kiganja, ningoje. Akafikiri. Unamjua sasa, haongei kabla ya kufikiri, inachosha.

“Kwangu nina nyumba,” akasema. “Nina mbuzi, nina pensheni. Nikipika ugali, sufuria ndogo kuliko zote bado ni kubwa. Nataka mtu wa kula naye. Nikifa kabla yake, watoto wangu watanichukua wanizike kwetu. Shamba sitaligusa, hata mti sitapanda. Niliwaambia wazee wa lukolo hivyo siku ya posa, wewe ulikuwa jikoni.”

Joyce akabaki amesimama. Kisha akaangalia ule ungo. “Unachanganya mbovu na nzima,” akamwambia, akavuta kigoda, akakaa, wakachambua njegere wote wawili mpaka zikaisha. Mimi nilikuwa nalia kwa kificho, nikasingizia mguu. Alipoondoka aliniambia, “Mama, gauni usichague peke yako, utaonekana kama mkuu wa shirika la masista.” Hayo ndiyo maneno yake ya baraka.

Basi ndoa ni Jumamosi ya pili ya Januari, misa ya asubuhi, chakula hapa nyumbani. Njooni mapema, na uvae viatu vyenye meno. Chakula nimepanga kama nilivyojifunza kwako: mbuzi wa kuchoma wawili, ndizi za nyama, maharage, njegere. Viazi vitamu nimevifukuza. Dagaa wasionekane hata barabarani. Nikamwambia Andrea, “Nitamwagiza Abel divai ya kutosha meza nzima, na ya kwako peke yako chupa mbili, maana najua unavyoipenda.”

Akainamisha kichwa. Nikadhani ni furaha.

“Modesta,” akasema, “kuna jambo ni vizuri ulijue kabla ya madhabahu.”

Abel, nilishika ukingo wa meza. Nilijua ana mke mwingine Songea. Nilishaanza kuhesabu nani nimemwalika na nitamfukuzaje.

“Ile divai siipendi.”

“Hii ya mwisho?”

“Zote. Tangu kikombe cha kwanza. Inanikausha mdomo, halafu kichwa kinaniuma mpaka Mlali.”

“Miezi yote hii? Si ulikuwa unaomba kuongezewa?”

“Kikombe kikiisha ningeaga,” akasema. “Sikutaka kuaga.”

Nimecheka mpaka nikakaa chini, na yeye akacheka, mara ya kwanza namwona anacheka na meno yote aliyobakiwa nayo. Baadaye niliosha vyombo peke yangu nikawa nawaza. Marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa mume mwema, hakunipiga, hakuninyima. Lakini miaka thelathini, Abel, hakuwahi kumeza hata uji usio na sukari kwa ajili yangu.

Kwa hiyo wageni waletee divai, hata Joyce amesema atajaribu nusu kikombe na mbuzi. Bwana harusi mletee bia.

Dada yako,
Modesta